Barua Zilizopitia Magu

Mama aliniambia nikitoe kile kisanduku chumbani kwa marehemu baba, nikitupe, nikigawe, nifanye nitakavyo, mradi yeye apate mahali pa kuweka cherehani yake. Nikakifunga kwenye khanga kuukuu nikakipeleka kwa fundi redio hapo Kiseke. Sikutaka kitengenezwe. Kukitupa jalalani niliona aibu, na kukaa nacho kulinipandisha hasira. Fundi akafungua skrubu nne, akachungulia ndani, akaona waya mmoja umeachia, akaugusa kwa pasi yake ya kuchomea. Moshi ukapanda. Ule moshi wa risasi na ulimbo, mtamu kidogo na mchungu kidogo, ukaniingia puani, na palepale nikawa na miaka kumi, nimenuna, nasubiri barua ya mama.

"Dada, hii hata mwizi hachukui," fundi akasema. "Ilikuwa inafanya kazi gani?"

"Ilikuwa inapoteza barua," nikamjibu. Hiyo ndiyo kazi yake niliyoishuhudia mimi.

Wenzangu wa rika langu waliokulia Mwanza wanakumbuka mambo ya maana: kuruka majini kutoka kwenye mawe, sato wa kuchoma, foleni ya kivuko. Mimi nakumbuka orodha ya njia. Baba yangu alikuwa mwalimu wa fizikia, mtu wa Kagera, Mlutheri wa kuimba besi kanisani, mpole kwa kila kiumbe isipokuwa vyombo vyake. Alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaozungumza na wenzao kwa redio za nyumbani, bila biashara, kwa kupenda tu. Kuzungumza ningevumilia. Lakini baba hakuishia hapo. Aliunganisha redio na kompyuta kwa kutumia kile kisanduku, ili kompyuta yetu iweze kuandikia kompyuta nyingine barua kupitia hewani. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijatufikia. Barua ilikatwa vipande, kila kipande kikarushwa kwa mlio wa kukwaruza, kama dagaa wanapotiwa kwenye mafuta ya moto. Kisha kimya. Kisha, Mungu akipenda, mlio mdogo wa mbali, ndilo jibu.

Mtandao mzima (baba aliuita mtandao bila kuona haya) ulikuwa na vituo vitatu. Namba moja ilikuwa kwetu Kiseke. Namba nne ilikuwa kwa Mzee Malimi wa Magu, bwana shamba mstaafu, Msukuma mrefu wa kofia ya pama, ambaye alianza mambo ya redio kwa sababu alichoka kuongea na pamba. Namba saba ilikuwa kwa mama. Namba zilizobaki katikati baba aliwawekea watu aliotarajia watajiunga. Hawakujiunga.

Mama alikuwa muuguzi. Alikuwa amepelekwa kwa muda kwenye zahanati moja ng'ambo, mbele ya Sengerema, ufukweni kabisa, na alirudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Alipokuja Jumamosi nilimng'ang'ania mpaka Jumapili mchana, halafu tukamsindikiza kivukoni, halafu nikarudi nyumbani na baba na redio zake. Ndipo baba akavuka na nguzo ya mkaratusi, antena, kompyuta ya zamani, betri ya gari na paneli ndogo ya sola, akamfungia mama kituo chake, cha barua tu, bila kipaza sauti. Akaniahidi kwamba kuanzia siku hiyo nitazungumza na mama kila siku nikitoka shule. Kila siku! Nikihesabu vizuri, barua zilizofika hazikuzidi nusu, na hata hizo zilifika zikiwa zimepitwa na habari. Mara moja mama alinipa pole ya homa nikiwa nimepona, nimekwenda kucheza rede, na nimeanguka nikachubuka goti.

Tatizo la kwanza la mashine zile lilikuwa umbea. Kila nusu saa kila kituo kilitangazia wenzake: mimi namfikia fulani, mimi namfikia fulani. Anayesikia anaandika kwenye orodha yake. Baba aliipenda sana tabia hiyo. Alisema njia zinajitafuta zenyewe, hakuna haja ya mtu kuziandika kwa mkono. Haya. Kati ya kwetu na kwa mama kulikuwa na kilima cha mawe, kwa hiyo siku nyingine tulisikilizana na siku nyingine hatukusikilizana. Ziwa nalo lina vituko vyake. Asubuhi tulivu, upepo ukiwa bado haujaamka, mawimbi ya redio huteleza juu ya maji yakafika mbali kuliko yanavyostahili. Asubuhi moja ya namna hiyo mashine ya Mzee Malimi kule Magu ikamsikia mama waziwazi. Ikatangaza: mimi namfikia namba saba. Mashine yetu, ambayo ilimsikia Mzee Malimi vizuri siku zote, ikaamini, ikaandika: namba saba, pitia Magu.

Mtu yeyote wa Mwanza anajua kwamba Sengerema iko machweo na Magu iko macheo. Hata kuku wa Kiseke wanajua. Kumpelekea mama barua Sengerema kwa kupitia Magu ni kuagizwa kivukoni ukapanda basi la Musoma. Na kama hiyo haitoshi, saa nne upepo ukaamka, Magu ikawa haimsikii mama tena. Je, ilisema haimsikii? Wapi! Ilikumbuka kwamba Kiseke nayo imetangaza kumfikia namba saba, bila kujua kwamba Kiseke inategemea kupitia Magu hiyohiyo. Ikaandika: namba saba, pitia Kiseke. Tangu hapo barua yangu ya kumwambia mama kwamba nimepata tisini ya hisabati ikawa inakwenda Magu, inarudi Kiseke, inakwenda Magu, inarudi Kiseke, mpaka ikachoka ikafia njiani.

"Wanatumiana!" baba akafoka, Kihaya kikimtoka, amesimama mbele ya skrini na chaki bado iko mfuko wa shati. "Waitu, tazama! Huyu anasema kamwambie yule, yule anasema kamwambie huyu!"

"Baba, si uandike tu njia ya mama kwa mkono?" nikasema.

"Kemi, ukiandika kwa mkono mashine haitajifunza."

Mimi sikutaka mashine ijifunze. Nilitaka mama ajue nimepata tisini. Mama mwenyewe aliporudi akasikiliza maelezo yote, bakuli la uji mkononi, michoro ya mishale imetandazwa mezani mpaka kwenye sukari, kisha akauliza kwa upole: "Baba Kemi, mimi nakaa mahali pamoja. Sihami. Kwa nini mashine yako inanitafuta kila siku upya?"

"Mama Kemi, inajifunza."

"Ijifunze upesi basi. Mtoto anakua."

Mzee Malimi alikuwa na dawa yake ya mambo hayo, dawa ya kizamani. Kila barua ikishapita kwake alishika kipaza sauti akamwita baba kwa mdomo: "Mwalimu, imefika?" Kama imefika, baba alijibu, "Imefika, mzee." Kama haijafika mzee aliirusha tena. Hakuiamini mashine hata kidogo ingawa aliipenda. Sauti yake ilijaa nyumba yetu: "Hii ledio yako leo imeamka vibaya, Mwalimu. Imefika?" Kabla ya lile jambo nilimpenda sana yule mzee. Alikuwa akinitumia barua za mstari mmoja kunieleza jinsi mpunga unavyoendelea.

Jambo la pili la mashine zile baba alinieleza mwenyewe, na natamani asingenieleza. Mashine inajua namba ya mtu, lakini hewani watu wanaitwa kwa majina ya vituo vyao, siyo namba. Kwa hiyo kabla ya kutuma chochote inauliza wote kwa sauti: nani mwenye namba saba? Mwenye namba yake anaitika: mimi, kituo fulani. Mashine inaandika, halafu inatuma. Maneno yenyewe yalikuwa ya Kiingereza; baba alinibandikia tafsiri kwenye karatasi pembeni mwa skrini.

"Ni hodi tu, Kemi," akaniambia. "Mashine inapiga hodi."

Hapo ndipo alipokosea, maana hodi niliijua. Nyumbani kwetu kuacha hodi bila kuitikiwa kulikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja sahani. Na haikuhitajika hodi iwe ya kwako. Mtaa mzima uliishi hivyo: mgeni akipiga hodi kwa jirani na jirani hayupo, wewe uliye karibu unaitika karibu kutoka uani kwako, unatoka, unapokea mzigo, unasema mwenyewe kaenda wapi. Siku moja nilijificha chumbani mgeni asije nikaambiwa nimpikie chai. Baba aliporudi akasikia, akanishika mkono, tukamfuata yule mgeni mpaka kwake nikamwombe radhi. "Nyumba isiyoitika hodi ni pango," alisema njia nzima, na njia ilikuwa ndefu.

Sasa kulikuwa na siku ambazo jibu la Magu lilimezwa na kelele za radi. Baba aliona Mzee Malimi anasikika ila mashine bado inauliza nani mwenye namba nne. Hapo, kwa kero, aliandika mwenyewe mstari mmoja wa kuijibu: namba nne yuko kituo cha Magu. Mashine ikaacha kuuliza, ikatuma. Alinikataza kuigusa orodha ile. Sikuigusa. Lakini mstari ule nilikuwa nimeukariri kama aya ya shule ya Jumapili.

Basi. Jumatatu moja nikatoka shule nikakuta barua ya mama imefika yote, bila kipande kupotea, na hiyo peke yake ilikuwa ajabu. Ilisema hivi: Kemi mwanangu, wanataka niwe mkuu wa zahanati hapa kwa miaka mitatu. Au nirudi mjini, nafasi ipo. Natakiwa nitoe jibu Ijumaa saa sita mchana. Baba yako nimeshamuuliza, anasema niamue mwenyewe, unamjua. Wewe unasemaje? Nijibu neno moja tu, litanitosha.

Baba akaisoma akiwa nyuma yangu. Nikamtazama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasema, "Mjibu unavyoona wewe. Mimi sitaki kukuelekeza." Nilikasirika. Mtu mzima, mume wa mtu, anashindwa kumwambia mkewe arudi nyumbani, anamwachia mtoto wa darasa la nne. Nikaandika: Rudi. Neno moja, herufi nne. Nilidhani hata mashine ile haiwezi kushindwa kubeba herufi nne.

Jumanne mvua ikanyesha pande zote za ghuba, jua halikuonekana, na betri ya mama nadhani ikalala. Barua yangu ikakaa kwenye foleni. Jumatano nikarudi kutoka shule saa tisa, baba bado yuko kazini, nikakuta skrini imejaa swali lilelile, mstari juu ya mstari: nani mwenye namba saba? Nani mwenye namba saba? Nani mwenye namba saba? Imepiga hodi tangu asubuhi na hakuna mtu aliyeitika. Sijui niseme vipi jinsi lilivyoniuma jambo hilo. Nilihisi kama kuna mtu mlangoni kanyeshewa na sisi tumenyamaza ndani.

Nikakaa kwenye kiti cha baba. Namba saba ni ya mama. Mama ni wa wapi? Ni wa hapa. Huko ng'ambo yuko kazini. Kwake ni hapa, nguo zake za kanisani ziko hapa, sufuria zake ziko hapa, mimi niko hapa. Mtu akipigiwa hodi naye hayupo, wa nyumbani anamwitikia. Nikaandika ule mstari niliokariri, nikaweka saba mahali pa nne, na mahali pa kituo cha Magu nikaweka jina la kituo chetu. Swali likakoma mara moja. Barua ikatoka kwenye foleni. Ikaandikwa kwamba imefika.

Mtu mzima mwenye akili zake ameshaona hapo kilichotokea. Mimi nilikaa zaidi ya miaka thelathini bila kukiona, kwa sababu niliwahi kuambiwa nani wa kumlaumu, na mtu akishapewa wa kumlaumu haendelei kutafuta. Baba aliporudi nikamrukia mlangoni: "Imefika!" Akatazama foleni, akaona ni tupu, akacheka kwa furaha, akasema mashine imeanza kujifunza. Sikumwambia nilichoandika kwa sababu nilikatazwa kugusa. Alhamisi ikapita. Ijumaa saa sita ikapita nikiwa darasani nimeanza kupanga kichwani mahali ambapo kitanda cha mama kitakaa, ingawa kitanda chake hakikuwa kimetoka mahali pake.

Jumamosi mama akaja. Akaweka mkoba chini, akavua viatu, akatutazama wote wawili kwa zamu.

"Mlikaa kimya," akasema.

"Kimya?" baba akauliza.

"Jumatano jioni redio ikapata nguvu, nikasubiri. Alhamisi nikasubiri. Jana nimesubiri hadi saa sita kasorobo, nimetoka nje mara mbili kuangalia kama waya umechomoka. Nikasema basi, mtoto amekua, hanihitaji kama nilivyodhani. Nimesaini, Baba Kemi. Miaka mitatu. Nafasi ya huku wameshampa mwingine."

Nikapiga kelele kwamba niliandika, niliandika Rudi, na imefika, baba ameona kwa macho yake. Baba akaingia chumbani kwenye mashine. Tulisikia kibodi inagongwa, kisha haikugongwa tena. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alinituma dukani nikalete chumvi, na nilijua kabisa kwamba kopo la chumvi limejaa, nilikuwa nimelijaza mimi. Niliporudi mama macho yalikuwa mekundu. Alinivuta akanipakata ingawa nilikuwa mkubwa wa kupakatwa, akasema, "Barua yako imepotelea Magu, mwanangu. Ni mashine ya kule iliyoimeza." Kutoka chumbani nilisikia baba bado anaongea na Mzee Malimi kwa kipaza sauti, taratibu, kama mtu anayeomba kitu.

Jumapili iliyofuata Mzee Malimi akatokea kwetu mwenyewe, kutoka Magu, na mchele gunia nusu na jogoo amefungwa miguu. Akavua kofia. Akasimama katikati ya sebule, mbele ya baba na mbele yangu, akasema: "Mjukuu wangu Kemi, kosa ni la kwangu. Mashine yangu ndiyo iliyomeza balua yako. Nisamehe."

Sikumsamehe. Nilikwenda uani bila kumwitikia. Na kuanzia siku hiyo sikumpa yule mzee shikamoo tena. Niwe wazi, kwa wasomaji wa kwetu wanaojua uzito wake: mzee wa rika la babu yangu, anakuja nyumbani, nami napita mbele yake kama napita mbele ya kabati. Baba, ambaye kwa hodi moja alinitembeza njia nzima, kwa hili hakuwahi kuninyanyulia hata sauti. Niliona ajabu. Nilidhani na yeye ana kinyongo.

Wala mchele wake sikuula. Mpaka leo nikiuziwa mchele sokoni nikaambiwa ni wa Magu, natafuta mwingine.

Miaka mitatu si maisha yote, najua, wapo waliokosa zaidi. Lakini ilikuwa ile mitatu. Nilifanya mtihani wa darasa la saba mama akiwa ng'ambo. Nilivunja ungo mama akiwa ng'ambo, na baba, maskini, akakaa na mimi mezani, akachukua penseli, akanichorea mwili wa mwanamke kwa mishale na visanduku kama mchoro wa umeme, jasho linamtoka, halafu akaenda kumwomba jirani amalizie. Nilimhitaji mama yangu. Nilikuwa nimesema hivyo, kwa maandishi, kwa wakati. Ndiyo maana hasira yangu ilidumu. Baba baada ya hapo aliacha habari za kujifunza. Aliandika njia ya mama kwa mkono, moja kwa moja, haipitii kwa mtu, na juu ya skrini akabandika karatasi: Namba saba, usiguse. Kwa hiyo iliwezekana! Iliwezekana tangu siku ya kwanza!

Haya yote nilimmwagia mama mwezi uliopita nilipotoka kwa fundi. Arobaini ya baba ilikuwa imepita. Kisanduku kilikuwa mapajani mwangu, waya wake umeunganishwa na hakina msaada wowote, na mama alikuwa ameshaweka cherehani mahali pake, anakunja pindo la gauni la mjukuu wake. Nikasema mashine hii, nikasema baba na ukaidi wake, na nikafika kwa Mzee Malimi. Nikasema hata msibani nilipomwona, mzee wa miaka mingi kiasi kile amekuja kumzika rafiki yake, moyo wangu haukulegea, kwa sababu ndiye aliyekula barua yangu.

Mama akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Kemi, nimechoka," akasema. "Nimechoka kusikia unamsema yule mzee wa watu. Barua yako haikuwahi kufika Magu. Haikuwahi kutoka humu ndani."

Nikakishusha kisanduku sakafuni.

"Baba yako aliikuta humo humo kwenye mashine yake. Imeandikwa Rudi, kwenda kwa Mama. Na kwenye orodha namba yangu imeandikwa kwamba iko Kiseke. Yeye hakuandika. Ni nani mwingine alikuwa anakaa kwenye kile kiti?"

Nikajiona saa tisa ile, nimekaa kwenye kiti cha baba, naandika ule mstari.

"Ulisema mama ni wa hapa," mama akaendelea, na sauti yake ikabadilika. "Basi mashine ikakuletea hapa. Na mimi nilipokuwa nasubiri kule, kila aliyeuliza niko wapi alijibiwa na nyumba hii."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tukuambie nini? Una miaka kumi, tukuambie wewe ndiye uliyemzuia mama yako kurudi? Kwa sababu ningerudi, Kemi. Neno lako ningelipata, ningerudi. Hilo sitakudanganya." Akachukua mkasi, akauweka tena. "Baba yako alitaka kusema ni kosa lake. Nikamkatalia, nikasema utamchukia, na ndiye unayebaki naye. Ndipo akamweleza Malimi. Hatukumwomba chochote. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema, Mwalimu, hodi hii nitaitika mimi."

Nililia kwa hasira. Hasira juu yao wote watatu, watu wazima waliokaa na siri kama dawa iliyofichwa juu ya kabati, na hasira juu yangu mwenyewe, kwa kila mara niliyopita mbele ya yule mzee bila kufungua mdomo, naye ananiachia nipite.

Kesho yake nikaenda Magu. Nilibeba sukari, majani ya chai, na kisanduku kwenye khanga. Kwake nilielekezwa na mtu wa kwanza niliyemuuliza. Nikasimama langoni nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Mara ya tatu mwanamke wa nyumba ya pili akaitika kutoka uani kwake, "Karibuuu!" akaja anajifuta mikono.

"Mzee ameenda kuangalia mpunga wake," akasema. "Kama ni mzigo niachie, kama ni maneno niambie, nitamfikishia yote."

Angefikisha, sina shaka. Nilimwona usoni.

"Asante, mama," nikasema. "Haya nitamfikishia mwenyewe."

Akanipa kigoda kwenye kivuli cha ukuta, akarudi kwenye kazi zake. Nilisubiri kama saa mbili. Alikuja anasukuma baiskeli, kofia ileile au dada yake, na mgongo umepinda. Hakuwa ameegesha baiskeli bado nilipoinuka, nikapiga goti kama tulivyofundishwa.

"Shikamoo, babu."

Akasimama. Akanitazama mimi, akatazama kona ya kisanduku iliyochomoza kwenye khanga, akanitazama tena.

"Malahaba," akasema. Kisha akauliza, kwa sauti ileile iliyokuwa ikijaa nyumba yetu: "Imefika?"

"Imefika, babu," nikasema, nikampokea baiskeli.